Nazi ikiwa hewani, mkono uko wapi?

"Asalaam aleikum mwalimu. Nafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Malindi. Nina wanafunzi 64, mchanganyiko wa umeme, mitambo na ujenzi. Hesabu za mteremko, kapi na msuguano wanazifanya, na mtihani wa katikati ya muhula wengi walipita. Juzi, kwa kupitisha wakati tu, nilirusha ndimu juu nikawaambia waandike ni kani zipi, yaani misukumo au mivuto ipi, zinazoikamata ikiwa hewani inapanda. Wanafunzi 51 waliandika kani mbili: mvutano wa dunia na 'kani ya mkono'. Tangu siku hiyo nimeirudia mada mara tatu, mara ya mwisho kwa picha na video. Nikiwauliza, wasema wameelewa. Nikaiondoa ndimu nikaweka mpira wa golikipa, wakarudi palepale. Mkuu wa idara anasema hesabu yao ni dhaifu, niwaongezee mazoezi. Mwenzangu anasema Kiingereza ndicho kinachowafunga, niwafundishe kwa Kiswahili. Wengine wamefika kuniambia watoto wa pwani ndivyo walivyo. Mimi nimeanza kuona kosa ni langu. Nifanye nini, na silabasi nitaimaliza vipi?"

Waaleikum salaam, mwalimu mwenzangu.

Swali lako nimelisoma barazani baada ya alasiri, na nilipofika kwenye ndimu nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza kuna nini. Ndimu hiyo naijua. Nilifundisha fizikia ya mwaka wa kwanza miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Lamu, na miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na darasa kama lako lakini sikulijua, kwa sababu sikuwahi kuwarushia ndimu. Niliwapa hesabu, wakanirudishia hesabu, tukaachana kwa heshima. Wewe umeuliza na umeona. Kwa hiyo hilo la kujilaumu liweke kando. Lipo la kulaumiwa katika njia tunayofundishia sote, nami nitalifikia.

La watoto wa pwani tulimalize upesi. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake huko Arizona, Marekani, walichapisha mtihani wa kuchagua jibu usio na hesabu hata moja. Mpira umepigwa, lori limegonga gari dogo, kitu kimeanguka kutoka kwenye ndege: nini kitatokea? Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aliuona akadhani wanafunzi wake wataudharau kwa wepesi. Alipowapa, mmoja wao akamuuliza ajibu vile alivyofundishwa au vile anavyofikiri mwenyewe. Matokeo yakamtoa jasho profesa. Na hapo ni Harvard. Anayekwambia ndivyo walivyo watoto wa pwani, mwambie ndivyo walivyo wanaadamu.

Sasa shida yenyewe. Jibu la ndimu, tukiiacha hewa kando, ni kani moja tu, mvutano wa dunia; mkono ukishaachia hausukumi tena. Wale 51 hawakukosa maarifa. Wanayo, tena ya siku nyingi, waliyoyachuma wenyewe kabla hawajakujua wewe. Mkokoteni ukiacha kuusukuma unasimama. Mashua ukiacha kupiga kasia inapoa. Punda akiacha kuvuta, mzigo haukusogelei nyumbani. Mtoto aliyekulia kwenye mchanga, matope na maji amejifunza sheria moja tu, kwamba kitu hakiendi ila kisukumwe, na kikisimama basi msukumo umekwisha. Sheria hiyo humfaa kila siku na haijawahi kumwangusha. Msuguano umejificha ndani yake, na yeye hajawahi kupata sababu ya kuutafuta.

Kisha akiona ndimu inapanda bila mtu kuigusa, sheria yake inambana: lazima kuwe na kinachoipandisha. Mkono umeshaachia, basi bila shaka uliacha kitu ndani ya ndimu. Hilo si wazo la mjinga. Ibn Sina, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kwamba mwenye kurusha hukitia kitu mwelekeo fulani, akauita mayl, na huo ndio unaokipeleka kikishatoka mkononi. Karne ya 14 Jean Buridan, mwanafalsafa wa Paris, alisema jambo lililo karibu sana na hilo. Ibn Sina alifika mbali zaidi ya wanafunzi wako, maana aliona kwamba pasipokuwa na cha kuuzuia, mwelekeo huo hauna sababu ya kwisha. Kwa hiyo mwanafunzi akikuandikia "kani ya mkono", yuko katika majlisi ya wakubwa. Amechelewa kuondoka tu.

Mbona basi wanapita mtihani? Kwa sababu wana makasha mawili. Moja la chuoni, lenye fomula, na ufunguo wake ni maneno kama "mteremko wa digrii 30". Jingine la maisha, na ufunguo wake ni ndimu. Ukiwapa mteremko wanafungua la kwanza. Ukiwarushia ndimu wanafungua la pili. Kila uliporudia somo, mara zote tatu, uliongeza vitu katika kasha la chuoni, na kasha la maisha halikuguswa. Ndiyo maana wakakwambia wameelewa, nao hawakukudanganya. Walielewa ulichosema. Hawakukihusisha na ndimu.

Mwenzako wa Kiswahili ameshika ncha ya jambo kubwa, ila ameivuta upande mmoja. Tazama neno letu nguvu. Mchukuzi ana nguvu, upepo umeshika nguvu, chai haina nguvu, na nguvu za umeme zimepungua. Neno moja limebeba mizigo mitatu ambayo mhandisi hana budi kuitenga: kani, nishati na ile kasi ya kutoa nishati ambayo kwa umeme twaipima kwa wati. Na sikiliza tunavyotangaza mpira: "umeishiwa nguvu, unashuka." Hiyo ni fizikia ya Buridan, neno kwa neno, redioni. Uzito nao ni vivyo hivyo. Sokoni kilo mbili za unga ni uzito, darasani kilo ni tungamo, yaani wingi wa unga wenyewe, na uzito ni kani inayopimwa kwa newton. Kilo mbili zile zina uzito wa newton 19.6 hapa Malindi, na zingekuwa na kama newton 3.2 mwezini, unga ukiwa uleule.

Lakini wale wa Harvard hawakulelewa kwa Kiswahili, na walianguka shimo lilelile. Lugha yetu haikulichimba shimo hilo, imeweka mkeka juu yake tu. Kubadilisha mhadhara mzima uwe wa Kiswahili hakutakusaidia kama utaendelea kusema nguvu kwa kila kitu, na mtihani wao hata hivyo ni wa Kiingereza. Ninachokushauri ni hiki: waache wabishane kwa lugha wanayootea ndoto, Kiswahili, Kigiriama, Kiamu, chochote. Wewe ukiwa ubaoni, shika kani, nishati na tungamo kila moja mahali pake, na ukisikia mtu amesema nguvu muulize, kwa upole, "nguvu ipi?" Baada ya mwezi wataulizana wenyewe, tena kwa kejeli.

Sasa tuirudie ndimu, ila tuibadilishe iwe nazi, kwa sababu ndimu ni nyepesi mno na kiganja hakiisikii. Mpe mwanafunzi nazi isiyofuliwa, mwambie aitupe juu kwa kiganja kilicho wazi na aidake, mara tano, macho kafumba wakati wa kurusha. Muulize kiganja kimesikia nini. Atakwambia: kwanza inalemea, halafu inalemea zaidi, halafu ghafla hakuna kitu. Hapo ndipo penye somo zima. Mkono ukiisukuma nazi kwa nusu mita, na nazi ikaendelea kupanda mita moja baada ya kuachiwa, basi kwa hiyo nusu mita mkono ulikuwa unasukuma kwa wastani wa mara 3 ya uzito wa nazi. Nazi ya kilo moja na nusu ina uzito wa karibu newton 15, kwa hiyo mkono ulitoa kama newton 44. Kisha, nazi inapoachana na ngozi ya kiganja, newton 44 zinakuwa sufuri. Hazipungui kidogo kidogo kadiri nazi inavyopanda, zinakatika hapohapo.

Kuanzia hapo weka sheria moja darasani mwako, na usimsamehe mtu, hata wewe mwenyewe. Kila mshale wa kani unaochorwa lazima uwe na majina mawili, la anayesukuma na la anayesukumwa. "Kani ya dunia juu ya nazi." "Kani ya meza juu ya kitabu." Asiyeweza kumtaja msukumaji, na kuonyesha anaigusa wapi (dunia peke yake inasamehewa kugusa, na sumaku na umeme watakapofika), mshale wake unafutwa. Kani ya mkono? Haya, mkono uko wapi sasa? Kiunoni. Basi futa. Kile ambacho mkono uliacha katika nazi si kani, ni mwendo, na mwendo hauhitaji wa kuutunza. Kwa wanafunzi wa ujenzi sheria hii ni ya kuokoa maisha. Nyumba zetu za mawe hapa Lamu zina vyumba virefu vyembamba, upana wa mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, kwa sababu boriti za mikoko hazikubali kuvuka zaidi ya hapo zikiwa zimebeba dari la mawe na chokaa. Fundi wa zamani alijua ni nani anayembebesha nani, hata kama hakuchora mshale. Mhandisi anayechora mshale usio na mwenyewe atajenga dari lisilo na wa kulibeba.

Lakini sheria hii ukiisema kutoka mbele tu, nayo itaingia katika kasha la chuoni. Kinachofungua kasha la pili ni mtu kuweka dau mwenyewe, kisha kuona, au kubanwa na mwenzake. Hili limepimwa. Mwaka 1998 Richard Hake, mwanafizikia wa Marekani, alikusanya matokeo ya mtihani wa akina Hestenes kutoka madarasa 62, wanafunzi zaidi ya 6,000. Madarasa ya mhadhara mtupu, wanafunzi walipata kwa wastani kama asilimia 23 ya kile walichokuwa wamekikosa mwanzoni mwa muhula. Madarasa ambamo wanafunzi walikuwa wakitabiri, wakijadiliana na kupewa jibu papo hapo, wastani ulikuwa kama asilimia 48. Angalia vizuri namba hizo. Hata iliyo bora haifiki nusu. Asije mtu akakuuzia dawa ya kuponya darasa zima.

Njia yenyewe ni nyepesi kuliko inavyosikika. Andika swali moja ubaoni, lisilo na hesabu, lenye majibu manne: moja la sawa, na matatu ambayo kila moja ni kosa linalovutia. Dakika moja ya kimya, kila mtu peke yake. Kisha wote kwa pamoja wanaonyesha vidole, kimoja hadi vinne, mbele ya kifua ili jirani wa nyuma asione. Ukiona walio sahihi ni chini ya theluthi, swali limewazidi, rudi ulielezee. Wakizidi theluthi mbili sana, pita haraka. Wakiwa kati ya hapo, waambie kila mmoja amtafute mwenzake mwenye vidole tofauti amshawishi, dakika tatu. Kisha wapige kura tena.

Vidole kifuani si kichekesho. Huku kwetu mtoto hufundwa asimjibu mwalimu. Ukimuuliza "umeelewa?" adabu inamjibia: ndiyo, mwalimu. Ukimwambia abishane na wewe, ananyamaza. Na mwanafunzi mmoja akikosea mbele ya wenzake 63, hatainua mkono tena mpaka Mwenyezi Mungu amjaalie shahada. Lakini mpe mwenzake wa kubishana naye, kwa sauti ya chini, na utasikia darasa likivuma kama gati siku ya samaki. Neno "mmeelewa?" lifukuze kabisa darasani. Mimi lilinichukua miaka kuliacha.

Majaribio nayo yana mtego, na hapa niungame. Wakati mmoja niliwachukua wanafunzi 24 kwenye mashua moja hapa Lamu, nikitaka waone jambo zuri ambalo Pierre Gassendi, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliliona Marseille mwaka 1640. Mashua inakwenda kwa kasi isiyobadilika, jiwe linaachiwa kutoka juu ya mlingoti: litaanguka chini ya mlingoti, nyuma kuelekea tezi, au mbele kuelekea omo? Nilifanya walau jambo moja sawa, niliwapigisha kura. Wanafunzi 19 walisema nyuma. Hesabu yao ilikuwa ya maana kabisa: mlingoti una mita 6, jiwe litashuka kwa sekunde 1.1 hivi, mashua inakwenda mita 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo mashua italikimbia jiwe karibu mita 2 na robo tatu. Tukateremsha tanga, tukawasha injini, tukatafuta maji matulivu ya mkondo kati ya Lamu na Manda. Kijana wa nahodha akapanda na chubwi la kuvulia, zito, ili upepo usilichezee. Tukatandaza gunia la mchanga chini. Chubwi likaanguka mita moja mbele ya shina la mlingoti.

Mbele! Darasa lilipiga kelele, nami nilisimama pale kama mtu aliyesahau chuoni sura aliyokuwa akiisoma. Wengine wakashika wazo jipya, baya kuliko la kwanza, kwamba mashua huvitupa mbele vitu vilivyomo. Nahodha aliniacha nihangaike kidogo, kisha akauliza kama nimewahi kuutazama mlingoti wake. Mlingoti wa mashua zetu haukusimama wima, umelala kuelekea omo. Hata mashua ikiwa imetia nanga, chubwi lingeanguka palepale.

Siku ya pili tulianza na nanga. Tukaning'iniza chubwi kwa mshipi kutoka kilele cha mlingoti likawa timazi, tukatia alama ya chaki lilipogusa. Kisha tukawasha injini, tukafika kasi ileile, chubwi likaachiwa mara sita. Yote sita yaliangukia ndani ya shubiri moja kutoka kwenye chaki, tofauti ikiwa ya mawimbi tu. Mita 2 na robo tatu za utabiri hazikuonekana. Binti mmoja akasema kwa sauti ndogo: "Kumbe lilikuwa linakwenda na sisi kabla halijaachiwa." Sikuongeza neno.

Wewe huhitaji mashua. Weka ndoo sakafuni, mpe mwanafunzi ndimu, mwambie apite kando ya ndoo kwa mwendo wa kawaida, asisimame, na aiachie ndimu iingie ndooni. Waulize kwanza aiachie wapi: kabla ya ndoo, juu yake, au akishaipita. Wengi watasema juu yake, na ndimu itaivuka ndoo. Kwa mwendo wa mita moja na nusu kwa sekunde, kutoka kimo cha mita moja, aiachie kama sentimita 70 kabla. Jaribu mwenyewe jioni darasa likiwa tupu, ili usipate mlingoti wako uliolala.

Tena wewe uko Malindi, una mfano ambao sisi wa Lamu tunauonea wivu. Kutoka majukwaa ya Waitaliano yaliyo baharini pale Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe, ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Roketi zake zilimaliza mafuta katika dakika za mwanzo. Uhuru ikaizunguka dunia mpaka Aprili 1979. Waulize: kwa miaka zaidi ya minane, ni nani aliyekuwa akiisukuma? Mwenye kuandika kani ya roketi aeleze imedumu vipi. Mwenye kusema "hakuna kani yoyote, ndiyo maana haikuanguka" naye mbane, maana mvutano wa dunia haukuiacha hata sekunde moja, nao ndio uliokuwa ukiipinda njia yake ikawa mzunguko. Swali hilo peke yake linaweza kukulia nusu saa, na nakwambia uiache iliwe.

Hapo tumefika kwenye silabasi. Sitakudanganya, njia hii inakula muda. Swali moja la kura na mabishano ni dakika nane mpaka kumi, kwa hiyo katika saa mbili utapata manne au matano, na mhadhara wako utabaki na vipande tu. Mimi nilichokikata ni kule kunakili ubaoni mambo yaliyomo kitabuni. Kurasa sita wasome nyumbani, waje na maswali mawili ya maandishi mlangoni, alama chache lakini za kweli. Pasipo alama hawatasoma, nami kwa umri wao nisingesoma. Nikapunguza mifano ya hesabu kutoka saba hadi miwili kwa kila mada, iliyobaki ikaenda kwenye kazi za vikundi. Mada sikufuta hata moja, na wewe usifute bila idara kujua. Ila kama muda utabana, sheria za Newton, nishati na momenta usizikimbize. Watu wa mitambo na ujenzi watakutana na mengine tena mwaka wa pili wakiwa na mwalimu mwingine. Haya matatu hakuna atakayewarudia.

Tarajia pia manung'uniko. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard waliwapima wanafunzi waliofundishwa kwa mabishano na wale waliosikiliza mhadhara mzuri. Wa mabishano walijifunza zaidi, lakini walijiona wamejifunza kidogo. Mhadhara unaoteleza humpa msikilizaji raha ya kuelewa, na raha hiyo si kuelewa. Waambie jambo hili wiki ya kwanza, waziwazi. La sivyo fomu za tathmini za mwisho wa muhula zitakuumiza, na mkuu wako atazisoma.

Kuhusu mkuu wako, hakukosea kote. Darasani mwako wapo walio dhaifu wa hesabu kweli, na kura za vidole hazitawatibu. Njia ya kuwatenga ni hii: siku moja wape 3x − 12 = 0.5x + 8 bila maelezo yoyote. Asiyefika kwenye 8 anahitaji aljebra, na anaihitaji sasa. Anayefika lakini bado anachora kani ya mkono, mazoezi hata mia hayatamfaa; atazidi tu kuwa mwepesi wa kufungua kasha la chuoni. Wale wa kundi la kwanza usiwasomeshe kwa maandishi wala kwa kundi la simu. Waite ofisini wawili wawili, wafanye hesabu mbele yako wakisema kila hatua kwa sauti. Utagundua kwamba mmoja hajui kuhamisha alama ya kutoa, na mwingine haoni ubao. Sifanyi mzaha. Nilikuwa na kijana niliyemhesabu mzembe muhula mzima, kumbe alikuwa akinakili kutoka daftari la jirani kwa sababu ya macho. Huyo anahitaji kliniki ya macho kabla ya Newton.

Na yupo wa tatu, aliyekuwa akijibu vizuri mwezi wa kwanza kisha akapotea, au anakuja akalala. Muulize ana kwa ana, faraghani, kabla ya kumwandikia barua. Wengine wanaendesha bodaboda usiku ili karo ipatikane. Wengine wana mzigo wa moyo usioweza kuushika wewe, na hapo mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi, mfuatane naye mpaka mlangoni.

Wewe mwenyewe, usiibebe kazi hii peke yako. Mtafute mwenzako mmoja, asiwe mkubwa wako, huyo wa Kiswahili angefaa sana. Akae safu ya nyuma kipindi kimoja, kazi yake iwe kuandika wanachosema wanafunzi wakati wa mabishano. Asikuandike wewe. Utakayoyasoma katika karatasi yake mimi siwezi kukupa kutoka Lamu.

Wale 13 waliojibu sawa siku ya ndimu pia uwaulize kwa nini. Nina shaka na watano au sita kati yao.

Na ile ndimu usiirudie wiki hii, wala ijayo. Subiri wiki tatu, mkiwa kwenye mada nyingine kabisa, uwape mkwezi aliye juu ya mnazi anaitupa nazi upande, iwafikie walio chini bila kumpiga mtu. Waambie wachore kani zinazoikamata nazi ikiwa katikati ya njia. Hesabu ni wangapi watauchora mkono wa mkwezi, kisha uniandikie.